Viatu Nilivyoupa Mto

Juzi lori lilimwaga mchanga uani kwangu, mchanga wa mtoni, mbichi bado, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu nikavua ndara nikapanda juu yake. Fundi alinitazama kwa jicho la pembeni. Nadhani aliona nakagua kama mchanga umepunjwa. Mwache aone hivyo. Mimi nilikuwa nimeshikwa na harufu: maji yaliyotulia, majani yanayoanza kuoza, na samaki kwa mbali. Nilichimba kwa kidole cha mguu nikatoa gamba la kombe, dogo kama ukucha, kwa ndani linang'aa. Mchanga ule ulitoka Nile, upande wa Rhino Camp. Walioko nyumbani waliniita chai mara mbili na sikuitika.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Arua mtakumbuka miaka ile sukari ilivyofichwa chini ya kitanda. Kwetu ilikuwa kwenye debe la biskuti, na debe lilikuwa chini ya godoro la mama. Baba alikuwa askari kwenye kambi ya mbali, kusini huko, tukimwona mara mbili kwa mwaka. Mara ya mwisho kabla ya haya ninayosimulia alikuja na sukari, kitenge cha mama, na viatu vyangu mimi. Viatu vyeupe vya mpira, vina vitundu vilivyopangwa mfano wa ua, na kifungo cha pembeni. Mtaani kwetu hapakuwa na mtoto mwingine mwenye viatu kama vile. Nilikuwa navivaa siku ya Idd tu, na siku nyingine nilivipangusa kwa kanga na kuvirudisha juu ya kabati, nikavitazama kutoka chini.

Halafu akazaliwa Musa, na nikawa si kitu.

Ilikuwa hivyo kweli. Mama hakutoka nje siku arobaini, kama desturi yetu Wanubi inavyotaka. Chumba chake kilifukizwa udi asubuhi na jioni. Haboba, yaani bibi, mama yake mama, alikuja kutoka Koboko kumwuguza, mwanamke mrefu, sauti yake inasikika hadi msikitini, akachukua utawala wa nyumba nzima. Sukari yote ikaingia kwenye uji wa mama. Uji wa wimbi, yaani ulezi, mzito, samli inaelea juu! Siku moja nilitia kidole kwenye bakuli, kidole kimoja tu, na Haboba akanipiga kibao cha mkono.

"Hii ya mama ya mutoto! Wewe nakula maziwa ya Musa?"

Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, mahali majivu yanapotupwa, nikamwambia Mungu waziwazi: mrudishe alikotoka. Nilisema mara tatu, kwa sababu maalim wetu wa chuo alitufundisha kwamba dua hukaririwa mara tatu. Sikuwa mtoto wa kufanya mambo nusunusu.

Sasa lazima niwaambie habari za Halima. Kabla ya Musa alikuwepo Halima, mdogo wangu, mwenye nywele nyingi na mashavu. Desturi yetu nyingine, waliyokuja nayo wazee kutoka Sudani, ni kwamba mzazi akitimiza arobaini hupelekwa mtoni na wanawake wenzake. Hunawa uso, mtoto huguswa maji, na chakula hutupwa mtoni kwa ajili ya watu wa mto, wale wasioonekana, ili wamjue mtoto na wasimsumbue. Shehe hakuipenda desturi hii. Haboba alijua haipendi, kwa hiyo hakumwuliza. Halima alipotimiza arobaini walimpeleka Enyau, kijito kinachopita chini ya mji, wakatupa tende na uji, wakarudi wanaimba. Siku chache baadaye Halima hakuwepo. Wakubwa walisema homa. Walisema wao kwa wao, juu ya kichwa changu, na hakuna aliyeniketisha akanieleza. Mimi nikaunganisha vile nilivyoviona kwa macho yangu: mto, chakula, na mtoto aliyeondoka.

Kwa hiyo siku Haboba aliposimama mlangoni na kutangaza safari, nilijua ni ya nini.

"Halima tulipeleka kwa Enyau," alisema. "Enyau ni maji ya mbuzi. Hii mutoto tunapeleka kwa Nile, kwa wenyewe. Wasiseme tumewadharau."

Mama alikuwa ananyonyesha. Alimvuta Musa karibu zaidi.

Na kama hiyo haikutosha, Haboba alileta kapu. Alilisuka mwenyewe kwa ukindu wa rangi, jekundu na zambarau, pana, lenye mikono miwili, akatandika ndani yake kitambaa laini. Alisema ni la kumlaza mtoto asitikiswe na lori. Lakini mimi wiki ile ile nilikuwa nimetoka kusikia chuoni kisa cha Nabii Musa, jinsi mama yake alivyomtia ndani ya sanduku akamweka juu ya maji ya Nile, na dada yake akafuata ukingoni akiangalia anakokwenda. Mtoto anaitwa Musa. Mto ni Nile. Kapu liko tayari. Na dada ni mimi. Wallahi, ningekuwa na umri wa miaka arobaini ningeona vilevile!

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeomba mwenyewe. Mara tatu.

Tuliondoka asubuhi kwa lori la Mjomba Ramadhani, ndugu yake mama, aliyekuwa akichukua samaki wakavu Rhino Camp na kuwauza soko la Koboko. Lori lilikuwa tupu lakini lilinuka kama limejaa. Mama alikaa mbele na kapu miguuni. Mimi nilikuwa nyuma juu ya magunia, pamoja na Haboba, majirani wanne, sufuria ya uji iliyofungwa kitambaa, na ngoma. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vyeupe. Mama ndiye aliyevishusha kabatini, akasema leo ni siku kubwa. Barabara ilikuwa na vumbi jekundu na nilivitemea mate na kuvifuta njia nzima.

Nilimsogelea Haboba. "Haboba, Musa atarudi na sisi?"

"Inshallah," akasema.

Sikilizeni. Kwa watu wengine neno hilo ni zuri. Kwa Haboba lilikuwa na kazi yake. Haboba, nipe sukari kidogo? Inshallah. Haboba, utanipeleka Koboko? Inshallah. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijapata kitu alichokijibu hivyo. Niligeuza uso nikatazama vumbi, na machozi yalinitoka nikasema ni vumbi.

Huko mtoni ukingo ulikuwa matope na mafunjo marefu kuliko lori. Mzee mmoja Mlugbara aliyeitwa Candia ndiye aliyekuwa na mtumbwi. Aliwatazama wanawake, akatazama kapu, akaelewa. Alikuwa ameshawavusha wengi wetu.

"Hapa hapana mzuri, mama," alimwambia Haboba. "Hapa mamba najificha. Maji imeshuka, mchanga imetoka pale katikati. Pale naona mbali."

"Na viboko?"

"Viboko iko kule kwa mafunjo. Nalala."

Alituvusha mafungu mawili, akipiga maji kwa kasia kila baada ya hatua kadhaa ili walioko chini wajue tunapita. Mama alikaa katikati ya mtumbwi macho yameganda kwenye kapu. Midomo yake ilikuwa ikisoma.

Kisha tukafika, na kwa muda nikasahau kila kitu.

Sijui niwaelezeje. Kilikuwa kisiwa cha mchanga mtupu, kirefu, kinachotokea kiangazi na kuzama mvua zikirudi. Hapakuwa na nyumba, wala mti, wala moshi, wala mtu aliyewahi kukaa pale na kuacha kitu. Mchanga ulikuwa mweupe unaokaribia manjano, umechorwa mistari na upepo. Alama pekee zilikuwa miguu ya ndege, na sehemu moja nyayo za kiboko, kila moja kubwa kama kifuniko cha sufuria, zimetoka majini na kurudi majini. Yangeyange walisimama kwenye ncha ya kisiwa na hawakutujali. Maji yalipita pande zote mbili, kijani huku, kahawia kule, na ukisimama kimya ulisikia mchanga wenyewe ukimomonyoka kidogokidogo ukingoni. Mimi nilikuwa mtoto wa mtaa wa nyuma ya soko. Nilikuwa sijawahi kuona mahali ambapo hakuna anayeniita. Nilikimbia nikaanguka makusudi, nikainuka, nikaanguka tena. Mchanga haukuumiza! Nilicheka peke yangu.

Halafu nikasikia ngoma, nikakumbuka.

Wanawake walikuwa wamemketisha mama ukingoni, wamemfunua uso. Haboba alikuwa akichota uji kwa mkono na kuutupa majini, fungu baada ya fungu, akiita watu wa mto kwa majina ya heshima kama mtu anayebisha hodi kwa tajiri. Tende zikafuata. Mate yalinijaa, nitasema ukweli. Lakini niliwaza: wanakula kwanza, halafu wanapewa mtoto. Ndivyo ilivyokuwa kwa Halima. Na safari hii mimi ndiye niliyewaita.

Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani chenye thamani ya mtoto.

Nilikwenda kwenye ncha ya kisiwa, yangeyange wakaruka. Nikafungua vifungo. Vidole vilikataa, ikabidi nitumie meno. Nikasema kwa sauti, maana sikujua kama wanasikia minong'ono: "Chukueni hivi. Ni vipya. Mtuachie Musa." Nikatupa cha kulia. Kilianguka kifudifudi, kikazama. Nikatupa cha kushoto. Hicho kilikaa wima juu ya maji, kikazunguka mara moja, kikaanza safari. Nilikitazama moyo ukiniuma vibaya. Nilikipenda kiatu kile.

Nilipogeuka nikaona Haboba ameingia majini hadi magotini, na Musa yuko mikononi mwake, uchi.

Nilikimbia. Mchanga ulikuwa umeshika moto wa saa sita, nyayo zinaungua, na mimi napiga kelele: "Mmeshachukua viatu! Mmeshachukua viatu! Mwacheni!" Ngoma ikakatika. Haboba akageuka, Musa juu ya kiganja chake, tumbo linang'aa kwa maji. Nilijitupa majini nikamshika gurbaba yake, ile nguo ya kiunoni, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Musa aliyekuwa kimya siku nzima akafungua mdomo, akalia kilio ambacho naamini kilifika Koboko.

"Subhanallah! Hii toto nataka kuvua mimi nguo mbele ya Candia!"

Majirani wakaangua kicheko. Candia, maskini, alikuwa ameshageuka kuangalia mafunjo. Haboba akatoka majini na Musa begani, mimi nikiburuzwa na nguo, akamrudisha mtoto kwa mama, mzima, analia, mwekundu kwa hasira. Kwa mama. Mikononi mwa mama. Hapo ndipo nilipokaa chini.

"Viatu iko wapi?" Haboba akauliza.

Nikaonyesha mto.

Mama alinivuta kwake. Sikuweza kusema mbele ya wote, nikasema sikioni mwake. Nilisema yote: uji, kibao, majivu, mara tatu. Nilisema mimi ndiye niliyeomba Musa aende. Nilisema habari za Halima na kapu. Nilingoja kofi. Nilijua ni haki yangu na nilikuwa nimeshafumba macho.

Mama hakunipiga. Alinikandamiza kifuani pamoja na Musa, sote wawili mahali pamoja, na nikahisi mwili wake wote unatikisika. Sikujua analia au anacheka, nilipofungua macho vilikuwa vyote viwili.

"Mimi pia naogopa hii maji," alininong'oneza. "Tangu Arua naogopa. Halima alikuwa na homa, mama. Homa tu. Hakuna mutu alimpeana." Kisha akasema, "Hii maneno yako ya jivu itabaki hapa kwa mchanga. Mimi sitasema kwa mutu."

Haboba hakusikia hayo. Yeye alisikia la viatu tu, na lilimtosha. Akasimama ukingoni, akaweka mikono kiunoni, akaunyoshea mto kidole.

"Mumesikia? Mumekula uji. Mumekula tende. Mumechukua viatu ya mutoto, viatu ya Kampala! Sasa basi. Hii iko yetu."

Ngoma ikaanza upya, kwa nguvu zaidi. Na mimi nikapewa Musa. Waliniketisha kwenye mchanga wenye unyevu, wakamweka mapajani mwangu amefungwa kitenge, na sikuthubutu kupumua. Alinuka samli na mto. Aliacha kulia, akanitazama kwa jicho moja, jingine amelifumba kwa jua, kama mtu anayenikagua kabla ya kunikubali.

Tulikaa kule hadi alasiri. Walisimamisha makasia wakatandaza kanga juu yake kikawa kivuli. Candia alitupatia samaki wawili, ngege, wakachomwa juu ya kuni tulizokuja nazo, na tukala kwa mikono kwenye kisra, mikate yetu myembamba, iliyopoa, mchanga ukisaga menoni. Mama alikula sana. Alilala chali, miguu majini, nywele wazi, akaimba na wenzake, na nikagundua kwamba mama yangu alikuwa msichana. Sikuwahi kumwona hivyo kabla, na baada ya hapo si mara nyingi. Nilichimba shimo likajaa maji lenyewe. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

Tuliporudi kwenye mtumbwi Haboba alinifunga miguu kwa vipande vya kitambaa cha kapu, nisiungue. Katikati ya maji Candia akapaza sauti. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa kimenaswa kwenye mafunjo, cheupe, wima, kinatusubiri. Alikuwa ameshanyoosha kasia kukivuta.

"Hapana!" nilipiga kelele, na mtumbwi ukayumba.

"Wacha, Candia," Haboba akasema. "Hiyo sio yetu tena."

Candia alitutazama mmoja mmoja. Akatikisa kichwa, akaendelea kupiga kasia.

Musa alikaa. Alipata surua, akaipita. Alianguka kisimani kwa jirani, wakamtoa anacheka. Miaka ile ilipoisha vibaya, kwa vita, na tukavuka mpaka kuelekea Sudani na vitu vichwani, mimi ndiye niliyemwongoza, mkono wake ndani ya wangu, na sikuwa na hofu juu yake hata kidogo, ingawa nilikuwa na hofu juu ya kila kitu kingine. Nilijua ameshalipiwa.

Habari za viatu zilisimuliwa kwetu kila Idd, na Musa alizisikia akazidharau kama vijana wanavyodharau. Ila habari za majivu hazikusimuliwa. Mama aliahidi na alitimiza. Mwaka jana tulimzika, na nilipokuwa nimekaa matangani niliwaza kwamba sasa duniani tunaojua ni mimi na kile kisiwa, na kisiwa hukaa nusu mwaka chini ya maji.

Mchanga ule wa juzi ni Musa aliyeuleta. Ananijengea chumba. Ni mwalimu aliyestaafu mapema, tumbo limemtangulia, ndevu nyeupe. Jioni alikuja kuukagua akanikuta nimekaa juu yake, gamba la kombe mkononi.

"Dada, ndara iko wapi?"

Nikamwambia akae. Alilalamikia suruali yake, kisha akakaa. Nikamwambia yote, tangu kidole kwenye bakuli. Nilimwambia nilimwomba Mungu amrudishe alikotoka, mara tatu, na sikuwa natania. Musa alisikiliza huku akimimina mchanga kutoka kiganja kimoja hadi kingine.

"Na ukawapa viatu," akasema.

"Nikawapa viatu."

"Jozi moja tu?"

"Moja."

Akatazama tumbo lake, akatazama ndevu zake, kama anapima mzigo.

"Basi nilikuwa rahisi, Dada."

"Vilikuwa vipya," nikamwambia.